Kabla ya Kuhesabu Tashbiha

Makala nyingi za uhakiki zinazotua mezani petu zina umbo moja. Aya ya kwanza inamtaja mwandishi na mwaka wa kitabu, ya pili inatangaza dhamira, kisha orodha inaanza: tashbiha, mfano wake huu hapa, tashihisi, mfano wake ule kule, takriri, methali, misemo, tanakali sauti. Orodha ikiisha, na makala imeisha. Umbo hili tunajua lilikotoka. Ni jibu la mtihani wa kidato cha sita, na kwa mtahini mwenye rundo la karatasi mbele yake lina faida, kwani tashbiha ama ipo ama haipo. Msomaji wa riwaya halimfai kitu. Orodha hiyohiyo ungeipachika kwenye riwaya nyingine na isidondoke.

Ndiyo maana toleo hili lote tumeliweka kwenye sura za kwanza. Hapo msomaji hamjui mtu, hana wa kumhurumia wala wa kumchukia, na mwandishi hana mtaji mwingine zaidi ya lugha aliyoishika. Akikosea namna ya kuingia, dhamira nzito iliyoko sura ya kumi haitamwokoa.

Chukua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa Tanzania. Ni riwaya ya Zanzibar ya miaka ya hamsini, ya Denge na wenzake wanaopambana na serikali ya kikoloni, ya makachero na magereza. Lakini tunakaribishwa na uso wa msichana. Yasmin anachorwa kwanza, uso wake wa mviringo ukifananishwa na tungule, na siasa hakuna anayeigusa. Mwanafunzi ataandika "tashbiha" na kuendelea. Hajauliza ni nani anayemtazama Yasmin hivi. Huyu si mwanahistoria. Ni jirani, mtu wa mtaani, anayepima uzuri wa binti wa watu kwa vitu vya kapu la sokoni. Jirani huyohuyo ndiye anayetupa umri: binti ana miaka 15, mumewe ana 52. Namba hizo mbili zikishakaa pamoja, hasira inampanda msomaji mwenyewe bila kuhubiriwa. Tazama pia nani anapewa heshima. Mume ni Bwana Raza. Mke ni Yasmin tu. (Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 wanaweza kulinganisha. Kamera haiwezi kuonyesha uso bila nguo, mwanga na ukuta ulio nyuma yake. Nathari inaweza kukupa uso peke yake, mengine yakasubiri.)

Mtindo wa Kiswahili, kwa maoni yangu, unakaa zaidi kwenye kitenzi kuliko kwenye tamathali, na huko wahakiki wetu hawaendi mara nyingi. Soma hii: alitoka, akafunga mlango, akaenda zake. Sasa hii: alitoka. Alifunga mlango. Alikwenda zake. Matukio ni yaleyale. Katika ya kwanza tendo moja linalisukuma jingine na msimulizi anatembea pamoja na mhusika. Katika ya pili kila tendo limesimama peke yake, kama shahidi anayejibu maswali ya wakili. Hakuna tamathali hata moja hapo, na bado hizo ni hadithi mbili tofauti. Ongeza hu-, "huamka alfajiri, huwasha moto", na mhusika tayari yumo ndani ya mazoea. Msomaji mzoefu anaanza kuingojea ile "siku moja" itakayoyavunja. Sura nyingi za kwanza zinakaa muda mrefu kwenye hali, alikuwa na hiki, alikuwa amevaa kile, kabla mlolongo wa -ka- haujaanza. Itafute -ka- ya kwanza inayoanzisha mwendo. Hapo ndipo mwandishi alipoamua kwamba umeshajua ya kutosha.

Kuna na viambishi vya nafsi. A- yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala ni- haisemi. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumtembeza mtu kurasa mbili bila kutuambia jinsia yake, na hapa tulipo sijaona mhakiki akilifanyia kazi jambo hilo kwa uzito unaostahili. Euphrase Kezilahabi angekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Rosa Mistika ya mwaka 1971 inatupa kisiwa tunachokijua, Ukerewe, na kijiji, na familia yenye baba mlevi. Nagona ya mwaka 1990 inatupa "mimi" asiye na jina, katika nchi isiyo kwenye ramani, kwa sentensi fupi ambazo kila moja ni nyepesi ila zikipangana zinagoma kueleweka. Msamiati si mgumu. Wanaolalamika kwamba Nagona ni ngumu waanze kueleza ugumu huo unatoka wapi, ikiwa maneno yote wanayafahamu.

Wapo watakaosema hii ni isimu, si fasihi. Mgawanyo huo ni wa ofisi za vyuo vikuu. Shafi alipoandika hakuwa na idara mbili kichwani.

Waandishi wa makala zinazofuata hawakubaliani wao kwa wao, na hatukuwalazimisha. Mmoja anadai lahaja katika usimulizi, si katika mazungumzo tu, ni uamuzi wa kisiasa. Mwingine anaona ni sikio tu la mtu aliyekulia Unguja. Kwa toleo lijalo tunapokea uchambuzi wa kurasa tatu za mwanzo za riwaya yoyote ya Kiswahili, usiozidi maneno elfu mbili. Dhamira iachwe nje, labda kama kuna sentensi ya kurasa hizo tatu inayoidai.