Nyumba na Ua: Sajini Achagua Mashine ya Kukata Nyasi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe neno hilo ni la kweli, kwani mpini ukivunjika mwenyewe hukata mti na kutia mwingine kabla jua halijawa kali. Lakini chombo chenye injini, mikanda na visu vinavyozunguka hakimhurumii mtu asiyechagua. Nusura jambo hilo limfike sajini mmoja mstaafu wa jeshi, mkazi wa viunga vya Jinja nchini Uganda, alipotaka kununua mashine ya kukata nyasi ya aina ile ambayo mwendeshaji huikalia kama trekta dogo.

Sajini huyo alianza kukata nyasi tangu siku za ukuruta. Alizikata kwa fyekeo kandokando ya uwanja wa gwaride, mbele ya nyumba za maofisa, na siku nyingine kwa adhabu. Alipostaafu alijenga nyumba katika eka moja, naye hakuliacha fyekeo lake mpaka goti la kulia lilipoanza kuvimba, daktari akamkataza kuinama na kutembea mwendo mrefu. Vibarua walikuja wakalipwa, lakini nyasi za masika zilirudi kabla jasho lao halijakauka. Mara mbili nyoka alionekana karibu na jiko, mahali ambapo wajukuu huchezea.

Mwanawe, anayefanya kazi Massachusetts nchini Marekani, alipiga simu kusema kwamba huko zinauzwa mashine mbili zilizokwisha kutumika, na kwamba moja inaweza kupata nafasi katika kontena la rafiki zake. Bei yake pamoja na nauli ya meli ingelipwa kwa salio la kiinua mgongo cha sajini. Baada ya hapo hapangekuwa na akiba nyingine.

"Baba, chukua hiyo kubwa," mwana alisema. "Ina silinda mbili, tena inageuka papo hapo ilipo."

Sajini alikuwa karibu kukubali. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza bila kuinua macho: "Mzee, ikifa, nani ataifufua?"

Swali hilo ndilo lililookoa akiba ya nyumba. Mashine za kukata nyasi zina historia ndefu. Ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding, wa Stroud, mwaka 1830, baada ya kuona mtambo wa kusawazisha manyoya ya nguo. Zile za kukaliwa zilienea katika makazi ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya John Deere ilitoa trekta lake la kwanza la bustani, namba 110, mwaka 1963. Lakini ziliundwa kwa ua wa nyasi fupi, zinazokatwa mara kwa mara, na kwa mtu aliye karibu na duka la vipuri. Mashine ile ile ikipelekwa penye vumbi, mawe na mafundi wa pikipiki, uimara wake hauna budi kupimwa upya.

Basi sajini alianza na ua wenyewe, kama askari apimavyo uwanja kabla ya kupiga kambi. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Mashine ya kusukuma yenye upana wa sentimita 53 ingemlazimu mtu kutembea zaidi ya kilomita 7 ili aimalize, jambo ambalo goti lake lisingeweza. Ile ya kukaliwa yenye upana wa sentimita 107, ikienda kilomita 6 kwa saa, huimaliza kwa muda wa saa moja na kitu, pamoja na kugeuka na kupitiliza mistari. Kwa hiyo haja ya kukaa haikuwa anasa. Kama ua ungekuwa nusu eka au pungufu, na goti zima, ile ya kusukuma ingetosha.

Pili, alipima mteremko. Watengenezaji wengi huonya kwamba mashine ya kukaliwa isipite mahali penye mwinamo unaozidi nyuzi 15, kwa sababu huweza kupinduka na kumlalia mwendeshaji. Kipimo chake ni chepesi: ubao wa mita moja hulazwa sawasawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu, kisha hupimwa nafasi kati ya ncha ya pili na ardhi. Ikizidi sentimita 27, mteremko huo haufai. Sehemu kubwa ya ua ilikuwa salama, lakini ukingo wa mtaro ulitoa sentimita 38. Ukingo huo ukaachiwa mbuzi. Penye mteremko mdogo, mashine ya kukaliwa hupanda na kushuka wala haikati kwa upande. Ile ya kusukuma hufanya kinyume chake.

Tatu, alipima njia. Uchochoro baina ya nyumba na ghala ulikuwa na sentimita 150. Mashine kubwa ilikata upana wa sentimita 137, na ubavuni ina kinga ya kuelekeza nyasi chini, ambayo huongeza upana. Haingepita ila kwa kuikunja kinga hiyo, na mashine isiyo na kinga hurusha mawe kama risasi. Tena aina hiyo inayogeuka papo hapo hutegemea magurudumu ya nyuma kwa mwendo na kwa usukani. Yakiteleza kwenye majani mabichi ya mteremko, dereva hana cha kuigeuzia. Hapo ile kubwa ikaanguka mtihani.

Ilibaki ndogo: trekta lenye upana wa sentimita 107, silinda moja, na gia za kubadili kwa mkono. Mwana alilidharau kwa ugumu wa gia zake. Hata hivyo fundi wa pikipiki aliyeitwa nyumbani alisema kwamba injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa haimtishi. Mashine nyingi nyepesi za kisasa huendeshwa kwa gia za mgandamizo wa mafuta, ambazo ni laini mguuni, lakini nyingi zimefungwa kiwandani wala hazikuundwa kufunguliwa. Zikichoka, hubadilishwa nzima. Zile za betri hazina kelele nyingi wala oili ya injini, ila zinataka umeme usiokatika na betri ambayo bei yake ni kubwa.

Ndipo ukaja ukaguzi. Sajini alimwamuru mwanawe aende asubuhi, aguse injini kwanza kuhakikisha kwamba ni baridi, kisha aiwashe huku akimwonyesha kwa picha ya simu. Muuzaji anayeipasha moto mapema huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu usiokoma huonyesha kwamba oili inaungua ndani. Injini ilipozimwa na waya wa plagi kuondolewa, mwana alivitikisa visu kwa glavu. Vingechezacheza, beringi zake zingekuwa zimekwisha. Alibonyeza bamba la chuma linalofunika visu, atafute kutu iliyokula mpaka ndani. Mwisho alikaa kitini, akawasha visu, akajiinua kidogo: injini ikazimika papo hapo, kama inavyotakiwa. Mashine ambayo swichi yake ya kiti imefungwa waya ili isizimike haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Ndani ya sanduku lile lile viliwekwa jozi mbili za visu, mikanda miwili ya visu na mmoja wa gia, machujio ya hewa, plagi, na kitabu cha maelezo. Namba ya injini iliyopigwa chapa juu ya bati lake iliandikwa kwenye daftari la nyumbani, kwa kuwa bila namba hiyo muuza vipuri hubahatisha.

Mashine ilipofika, haikuingia kazini siku hiyo. Nyasi ndefu zilifyekwa kwanza, mawe, waya na vipande vya chupa vikaokotwa, maana kazi ya mashine hii ni kupunguza theluthi ya juu ya nyasi, si kufyeka pori. Chujio la hewa hukung'utwa kila baada ya kazi kwa ajili ya vumbi, oili huangaliwa kabla ya kuwasha, na petroli haiachwi tangini miezi mingi, isije ikagandamana katika kabureta.

Jioni ya kwanza mjukuu wa miaka 5 aliomba apakatwe wakati wa kukata. Sajini, aliyezoea kumpa mtoto huyo kila akitakacho, alinyoosha mikono. Mkewe akasema, "Afande, chombo hiki hakina abiria." Alisema kweli. Mtoto akiteleza kutoka mapajani, huangukia penye visu, na mashine ikirudi nyuma dereva hamwoni aliyemfuata. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtu asiendeshe mashine ya kukaliwa kabla ya kutimiza miaka 16, na watoto wadogo wawe ndani wakati visu vinapozunguka.

Tangu siku hiyo ufunguo hukaa katika pindo la leso ya bibi. Kila Jumamosi sajini huuomba, naye bibi hautoi mpaka awe amewahesabu wajukuu mmoja mmoja ndani ya nyumba. Ndipo mzee hupanda kitini, goti limenyooka, akaenda mstari baada ya mstari kama mtu akaguaye gwaride. Mtaroni mbuzi huendelea na zamu yake.