Mtoto wa Mchezo Mmoja

Kabla David Rudisha hajawa mfalme wa mita 800, alikimbia mita 400 na kushindana katika dekathloni, michezo kumi inayomtaka kijana akimbie, aruke na arushe. Bruda Colm O'Connell, kocha wake kule Iten, ndiye aliyemwelekeza kwenye mbio zilizompa dhahabu ya Olimpiki na rekodi ya dunia London mwaka 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Namkumbuka Rudisha kila nionapo mtoto wa miaka saba akiandikishwa akademi ya soka, na kuanzia hapo jioni ni mpira, wikendi ni mpira, likizo ni mpira. Mzazi wake simlaumu. Soka ndiko kwenye pesa, na kwa familia isiyo na shamba wala ada ya sekondari, mguu wa mtoto huonekana kuwa ndio urithi pekee. Hoja hiyo ni nzito, nzito kuliko zote ninazozisikia. Lakini urithi huo ndio tunaouchakaza mapema.

Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye gegedu laini lililo karibu na ncha zake. Msuli wa paja ukivuta sehemu hiyo chini ya goti kwa mikimbio na mashuti yaleyale kila siku, panavimba na kuuma. Mtoto anachechemea, anaambiwa mvivu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mtoto asijifunge na mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, na kila mwaka aupumzishe mwili na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu.

Ipo michezo inayodai kuanza mapema, kama kuteleza kwenye barafu. Hata huko wamestuka: Kamila Valieva wa Urusi alijikuta katikati ya sakata la dawa zilizopigwa marufuku kwenye Olimpiki ya Beijing 2022 akiwa na miaka 15, na mwaka huohuo shirikisho la mchezo huo likaamua kupandisha umri wa kushindana na wakubwa hadi 17.

Sisi Watanzania tunayo mashindano ya UMITASHUMTA, ambako watoto wa shule za msingi hukutana kwa soka, netiboli, wavu na riadha. Anayekipiga Jumamosi anaweza kuruka chini Jumatano. Kwa hiyo mzazi, kabla hujalipa ada ya akademi, uliza: “Mwalimu, mwanangu atapumzika miezi gani, na miezi hiyo mtamruhusu acheze nini?”