Jina la Ukoo Si Cheti cha Asili

Mjini Lubumbashi, mtu akitaja jina lake, mara nyingi anayemsikiliza huanza kupima: huyu ni wa hapa au ni wa kuja? Jina limegeuzwa cheti cha asili. Tunajua swali hilo linaweza kufika wapi: mwaka wa 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kwa hiyo naona sisi wanafunzi wa lugha tuna wajibu wa kusema wazi kwamba jina peke yake halithibitishi babu wa mtu alitoka wapi.

Tuchukue babu mmoja wa karne ya 19 ambaye kila mtu Katanga amesikia habari zake: Msiri, mwami wa Bayeke, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Tukimtafuta kwa jina moja tu, tutampoteza. Kwanza aliitwa Ngelengwa, mwana wa Kalasa. Aliitwa pia Mwenda, na jina hilo likarithiwa na watawala waliomfuata. Mmisionari Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka wa 1886, aliandika Msidi. Crawford, aliyekuja baada yake, aliandika Mushidi. Daktari Moloney, wa msafara wa Stairs, aliandika Msiri. Asiyejua lugha angehesabu wafalme watano.

Anayejua lugha hababaiki. Katika lugha za jamii ya Kiluba, Kisanga kikiwemo, s mbele ya i husikika sh, na l mbele ya i huwa d. Nayo l na r hubadilishana katika vinywa vya wengi. Kanuni ya kwanza tunaisikia sokoni kila siku, pale siku inapotamkwa shiku. Basi Mushidi ni Msiri yule yule, ila jina limepita katika vinywa vya wenyeji. Hata namna lilivyoandikwa ni ushahidi: inatuelekeza kwa watu ambao mwandishi aliwasikiliza.

Liko jambo kubwa zaidi. Msiri mwenyewe alikuwa wa kuja. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaingia Katanga katikati ya karne ya 19 akifuata biashara ya shaba. Leo nani atamwambia Muyeke kwamba hapa si kwao? Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka wa 1960, alikuwa wa ukoo huo huo. Jina Munongo halikumwonyesha mtu njia ya kurudi Unyamwezi. Kwa upande mwingine, majina kama Ilunga, Kalala na Mutombo yako Katanga na yako Kasai. Anayedai kumjua Ilunga ni wa wapi kabla hajamuuliza anabahatisha tu.

Sababu iko katika desturi zetu. Katika familia nyingi jina la baba halikurithiwa kama huko Ulaya. Mtoto alipewa jina la babu au bibi, la tukio la siku aliyozaliwa, au la cheo chake kati ya mapacha. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu tofauti. Kisha mwaka wa 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, na wengi wakachukua majina ya mababu ili kuyajaza katika vitambulisho. Jina tunaloliita leo la ukoo, kwa wengi wetu, lilipata kazi hiyo juzi tu.

Wengine watasema: basi jina halina faida kwa mtafutaji. Hapana. Jina ni mlango, ila usisimame mlangoni ukadhani umeiona nyumba. Tuwaulize wazee majina yote ya babu: la kuzaliwa, la utani, la sifa, la ubatizo. Tuulize nani alimwita hivyo, kwa lugha gani, katika kijiji gani. Kisha tulinganishe majibu na vitabu vya ubatizo vya misioni, tukikumbuka kwamba aliyeandika alisikia kwa masikio ya kigeni. Mwami Antoine Mwenda Munongo alituonyesha njia alipochapisha historia ya Bayeke mjini hapa mwaka wa 1967.

Pendekezo langu kwa kitivo chetu ni dogo: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akusanye majina ya mababu zake wanne, pamoja na maelezo ya mzee aliyewajua au aliyesimuliwa habari zao. Tukiyaweka madaftari hayo pamoja, tutaona ni wangapi kati yetu wana babu wa kuja. Nadhani baada ya hapo lile swali la “wa hapa au wa kuja” litakuwa gumu zaidi kuuliza kwa kiburi.