Shingo ya Baba Imekaza

Leo tunataka kusema na wale wanaotafuta mkate wao wakiwa wamekaa: makarani, waweka hesabu, walimu wanaosahihisha madaftari usiku, washonaji wa nguo, na vijana wanaoandika kwa mashine za kompyuta toka asubuhi hata jioni. Tena tunataka kusema na jamaa zao, kwa maana maumivu ya mmoja hayakai kwake peke yake. Huingia pamoja naye mlangoni, huketi mezani, na watoto huyatambua kabla hajafungua kinywa.

Twamjua baba mmoja wa Bukavu, karani mwenye miaka 43. Zamani alikuwa akishuka mlima kwa miguu kwenda kazini na kuupanda tena jioni. Siku hizi pikipiki humchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Mwaka jana shingo yake ilianza kukaza. Alipoitwa, hakuweza kugeuza kichwa. Aligeuza mwili mzima, kama askari aliyepewa amri. Mtoto wake wa miaka 4 alikuwa na desturi ya kumkimbilia ili ainuliwe juu. Baba akaanza kumwambia: «Ondoka, Baba anaumwa.» Baada ya majuma machache mtoto hakukimbia tena, alisimama kando ya mlango akitazama.

Ndugu yake aliyetoka kijijini kumsalimu alicheka: «Mimi nimelima tangu mapambazuko, na mgongo wangu ni mzima. Wewe umekaa kitini kivulini, nawe walia?» Neno hilo lilimwuma kuliko shingo. Akaona haya kusema tena, akaanza kununua vidonge kwa mchuuzi wa sokoni. Kwanza kimoja jioni; kisha viwili; kisha vya rangi mbili pamoja. Mwezi wa tano tumbo lilimwaka kama moto, na choo chake kikawa cheusi kama lami. Hospitalini mganga hakuuliza kwanza habari za shingo. Aliuliza: «Unameza nini?»

Tumeeleza habari hiyo kwa sababu si ya mtu mmoja. Vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, vina kazi yake vikitolewa na mganga kwa siku chache. Vikimezwa kila siku pasipo shauri lake, vyaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha damu. Vile vya namna ya kortizoni, ambavyo wachuuzi husifu kuwa «huponya yote», vikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli yenyewe na mifupa pia. Basi mtu anunua udhaifu kwa fedha ya chakula cha watoto.

Je, ni kweli kwamba kukaa si kazi? Tumtazame mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani. Anakwenda wima, na mifupa ya shingo inabeba uzito. Hebu ainamishe kichwa mbele kidogo: ndoo itaanguka, au misuli ya shingo itahangaika kuizuia. Kichwa cha mtu mzima chenyewe chapata uzito wa kilo 5 hivi. Karani anayeinamia karatasi, au anayetazama simu mapajani, anazuia uzito huo kwa nyuma ya shingo saa nane kwa siku. Hawezi kuutua, kwa maana ni kichwa chake.

Tena misuli imeumbwa ikaze na kulegea. Kila ikikaza husukuma damu, kila ikilegea hupokea damu mpya. Mkulima anayeinua jembe na kulishusha hukaza na kulegeza mara elfu. Jioni amechoka, lakini damu imetembea. Misuli ya karani hukaza kidogo tu, lakini hailegei. Ni kama nguo iliyokamuliwa na kuachwa hivyo hivyo: haipati maji. Ndiyo sababu huuma, hukakamaa, na mwisho hufanya mafundo yanayoonekana kwa vidole. Ndugu wa kijijini hakusema uongo juu ya mgongo wake; alikosea tu kudhani kwamba wa mwenziwe umepumzika.

Wala ugonjwa huu si wa kompyuta peke yake. Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Katika chapa ya mwaka 1713 aliongeza sura juu ya waandishi na makarani. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa daima, mkono kwenda namna moja tu, na akili kukazwa kwa kuogopa kosa. Kalamu ya unyoya imekwisha, lakini mambo hayo matatu yamebaki.

Sasa tuje mezani. Hatuna budi kusema wazi: hakuna chakula kinachofungua shingo kama ufunguo ufunguavyo kufuli. Lakini mwili usiolishwa vema huchoka upesi na hupona polepole. Baba yule alikuwa akinywa chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe asubuhi. Adhuhuri alinunua andazi na chupa ya kinywaji kitamu. Maji safi hakunywa, maana choo cha kazini kilikuwa mbali. Usiku alikula mlima wa bugali na nyama, akaongeza bia, akalala. Kwa mwaka mmoja tumbo lilisonga mbele, na mgongo ukavutwa pamoja nalo.

Misuli yahitaji maji, protini, na chumvi za namna nyingi ambazo si chumvi ya mezani: potasiamu, magnesiamu, kalsiamu. Hizo hazikai katika duka la dawa tu. Potasiamu imo katika ndizi, viazi vitamu na maharagi. Magnesiamu imo katika lengalenga, sombe, karanga na maharagi. Kalsiamu imo katika sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao huliwa pamoja na mifupa yao. Mama anayefunga maharagi na ndizi katika kopo la mume wake asubuhi amemfaa kuliko chupa ya sukari. Chumvi ya mezani iwe kidogo. Shirika la Afya la Dunia lashauri isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Bia nyingi na nyama nyingi huweza kuleta ugonjwa mwingine wa viungo: kidole gumba cha mguu huvimba ghafula, chekundu, hata shuka haivumiliki juu yake. Huo ni wa kuonyeshwa kwa mganga.

Na kwa kuwa tumetaja bugali, tusinyamaze juu ya konzo. Hii si misuli iliyochoka, bali ni mishipa ya fahamu iliyodhurika. Katika inchi yetu mganga Trolli aliieleza mwaka 1938, kwa habari za watu wa Kwango. Miguu yote miwili hukakamaa ghafula, nayo haiponi. Huwapata hasa watoto na wanawake, mahali ambapo muhogo mchungu huliwa kila siku pasipo kulowekwa vya kutosha, wala hakuna maharagi au samaki pamoja nao. Basi akina mama, msifupishe siku za kuloweka kwa sababu ya haraka ya soko. Siku 3 hazizidi. Na unga mlio na mashaka nao uloweni kwa maji, mwutandaze mwembamba saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sumu itoke hewani, kisha mpike siku hiyo hiyo.

Turudi kwa karani wetu. Mganga alimzuilia vidonge vya sokoni, akamtibu tumbo, kisha akampa amri zilizomshangaza kwa udogo wake.

Kwanza, asimame kila nusu saa. Asiende mbali, dakika mbili zatosha. Akahitaji karatasi, aifuate mwenyewe. Akisimama, avute mabega nyuma, afungue kifua, ageuze kichwa polepole kuume na kushoto, bila kukivuta kwa nguvu. Asimpe mtu yeyote shingo yake aipasue kwa mikono.

Pili, kioo cha kompyuta kiwe sawa na macho. Hakuna haja ya meza mpya: vitabu vizee vitatu chini yake vyatosha. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Kiti kikiwa kirefu, tofali litakuwa kibao cha miguu. Mgongo uegemee, na viwiko vikae karibu na mbavu.

Tatu, atembee. Shauri la mwaka 2020 la Shirika la Afya la Dunia ni kwamba mtu mzima apate kwa juma dakika 150 mpaka 300 za kazi ya mwili inayomfanya ahemee kidogo. Nusu saa kwa siku tano yatimiza kiasi cha kwanza. Baba yule sasa hushuka pikipiki chini ya mlima na kupanda kwa miguu. Nauli iliyobaki hununua ndizi.

Nne, jioni kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kikakamuliwa, kiwekwe shingoni kwa robo saa. Mikono ya mke inayosugua polepole ni dawa njema. Na alale juu ya mto mmoja usio mrefu.

Lakini kuna kukaza ambako si kwa kiti, wala hakungoji kesho. Shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kikali. Taya kufungamana baada ya jeraha. Mkono au mguu kufa ganzi na kukosa nguvu. Mkojo kukataa au kutoka wenyewe. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi. Maumivu ya mgongo ya usiku pamoja na kukonda na homa ndogo ndogo. Katika hayo yote, msisugue, msingoje: nendeni hospitalini.

Neno moja kwa wakubwa wa kazi. Wengi wenu mkimwona karani amesimama, mwadhani anakwepa kazi. Tunawaomba mfikiri tena. Mtu asimamaye dakika mbili hawaibii kitu. Bali yule akaaye saa nne kama jiwe, kesho atawaletea barua ya mganga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sisi tunaoandika kurasa hizi nasi tu makarani wa namna yetu. Mara mbili tumeiacha kalamu na kusimama dirishani kabla ya kumaliza sanduku hili la maneno, na hatuoni kwamba limeharibika. Nawe, msomaji, kesho asubuhi hesabu: toka saa mbili hata saa sita, umesimama mara ngapi? Ikiwa hesabu haifiki sita, umekwisha kupata kazi ya juma hili.

Shingo ya baba yule haijalegea yote. Miaka kumi ya kuinama haiondoki kwa miezi mitatu. Lakini juzi, alipofika mlangoni akihema kwa sababu ya mlima, aliweka mfuko wake chini, akapiga goti, akafungua mikono. Mtoto alitazama kwanza, kama anayeuliza. Kisha akakimbia.