Akili anayo, mikono haimtii: dispraksia ni nini, na mtoto apimwe wapi?

Mama mmoja wa Nyanga, Manispaa ya Bukoba, alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Mwanawe yuko darasa la nne. Ukimuuliza hesabu kwa mdomo, anajibu kabla ya wenzake. Ukimpa kalamu, anahangaika na mstari mmoja mpaka wenzake wanamaliza ukurasa. Vifungo vya shati anafungiwa na mdogo wake. Ndoo ya maji ikifika nyumbani imebaki nusu. Shuleni anaitwa mvivu, nyumbani anaitwa mzembe, na kote kuwili amekwisha kula fimbo. Mama akamalizia hivi: "Akili anayo, mikono ndiyo haimtii. Huu ni ugonjwa gani, na nimpeleke wapi?"

Hatuwezi kumpima mtoto kwa ujumbe wa simu. Lakini swali lake si la nyumba moja, na majibu yake yanawahusu wazazi na walimu wengi wa Bukoba na Muleba.

Hali hii ni nini?

Dalili anazozieleza mama huyu zinafanana na hali inayoitwa dispraksia. Mwaka 1994 wataalamu waliokutana mji wa London, jimbo la Ontario nchini Kanada, walikubaliana kutumia jina refu zaidi, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni tatizo la ukuaji wa uratibu wa mwili. Maana yake ni kwamba mtoto anajua anachotaka kufanya, misuli anayo, lakini ubongo unapata shida kupanga mwendo na kuutuma mwilini kwa mpangilio.

Kwa hiyo mambo ambayo wengine huyazoea upesi, yeye humchukua muda mrefu: kuandika, kufunga kamba za viatu, kudaka mpira, kumenya ndizi bila kujikata, kuendesha baiskeli. Leo anaweza, kesho anakosea tena. Si uvivu, si laana, na si kwamba mama alikosea malezi. Chanzo chake hakijajulikana kikamilifu, ila watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo huipata zaidi.

Makadirio ya kimataifa ni kwamba watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wenye umri wa kwenda shule wana hali hii. Makadirio hayo yakilingana na hali ya kwetu, darasa la wanafunzi 80 litakuwa na wanne hivi. Haiishi kwa kukua tu. Wengi huingia nayo utu uzima. Mwigizaji wa Uingereza, Daniel Radcliffe, aliyecheza Harry Potter, amesema hadharani kwamba anayo kwa kiwango kidogo na kwamba kufunga kamba za viatu kumemsumbua hata ukubwani.

Jina lina faida gani?

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama hakuna dawa ya kuimaliza, kupima kunasaidia nini?

Tuanze na mtihani wa darasa la saba. Sehemu kubwa ya majibu hutolewa kwa kusiliba herufi kwenye fomu ya OMR. Mtoto anayejua jibu anaweza kukosa alama kwa sababu penseli imetoka nje ya duara au muda umemwishia. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini wanaotajwa kila mwaka ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Mtoto ambaye tatizo lake halina jina wala karatasi ya daktari hana mahali pa kuandikwa. Anahesabiwa pamoja na wote, na saa inamhukumu.

Sheria yenyewe haijamfungia mlango. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kwa upana: kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Haisemi lazima mguu uwe umekatika. Serikali pia ilitoa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, unaotaka watoto wenye mahitaji maalumu wabainishwe mapema. Tatizo tunaloliona sisi ni kwamba ubainishaji hukamata kwanza kile ambacho jicho linakiona. Mwenye fimbo nyeupe anaonekana. Anayeangusha kikombe kila siku anaonekana mzembe.

Jina linasaidia pia kwenye suala la viboko. Kanuni zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Mwandiko mbaya haumo kabisa.

Apimwe wapi?

Hapa ndipo penye ugumu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha dispraksia. Mtaalamu humpa mtoto kazi ndogo ndogo: kutunga shanga kwenye uzi, kufuata njia kwa kalamu, kudaka kifuko, kusimama kwa mguu mmoja. Kisha hulinganisha na watoto wa umri wake, na kuwauliza mzazi na mwalimu. Kwa kawaida hapimwi kabla ya miaka mitano, kwa sababu watoto wadogo hutofautiana sana katika kukua.

Mwenye kazi hiyo hasa ni mtoa tiba kwa vitendo, akishirikiana na daktari wa watoto. Nchini kwetu wataalamu hao wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1990, lakini usitegemee kumkuta kwenye zahanati ya kijiji. Kwa mtu wa Kamachumu au Rubya, safari huanza zahanati au kituo cha afya, inapita hospitali ya wilaya, inafika hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, na ikibidi inaendelea hadi Bugando, Mwanza. Hiyo ni nauli ya basi au ya meli, ya watu wawili, na siku ambazo kahawa haivunwi. Ndiyo maana ni vizuri kwenda ukiwa umejiandaa, usije ukarudishwa na jibu la "atakua tu".

Fanya haya kuanzia wiki hii

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika anachoshindwa, lini, na anachoweza vizuri. Mwombe mwalimu aandike yake pia, na weka pamoja kurasa za daftari la shule. Beba kadi ya kliniki inayoonyesha uzito wa kuzaliwa.

Ukifika hospitali, omba macho na masikio yapimwe kwanza. Mweleze daktari kama mtoto alipata malaria kali, degedege au aliumia kichwa, kwani hayo nayo huharibu mwendo. Kisha uliza waziwazi: "Hapa kuna mtoa tiba kwa vitendo? Kama hayupo, naomba barua ya rufaa." Nakala ya majibu ipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa afisa anayesimamia elimu maalumu kwenye halmashauri, mapema, kabla ya mwaka wa mtihani.

Onyo moja: mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, au anayelegea upande mmoja wa mwili, asisubiri daftari. Mpeleke mara moja.

Na wewe mwalimu, huhitaji barua ya Bugando ili kumsaidia. Mkalishe mbele, mpunguzie kunakili ubaoni, msikilize akijibu kwa mdomo, kazi kubwa igawe vipande na umwonyeshe kila kipande. Nyumbani ni hivyo hivyo: ndoo iwe ndogo, aende mara mbili.

Mama wa Nyanga tumemjibu haya haya. Ametuambia daftari amelinunua, na ukurasa wa kwanza ameanza na yale ambayo mwanawe anayaweza.