Shangingi la nani, mafuta ya nani?

NIMEKAA kijiweni wiki nzima nikisikiliza vijana wakibishana kuhusu magari. Mmoja anasema Vitz ya cc 1,000 ndiyo gari la mwenye akili. Mwingine anaapa kwamba bora IST ya cc 1,500. Wa tatu hana hata baiskeli, lakini anaijua injini ya V8 kuliko aliyeitengeneza. Sikuwacheka. Wale ni watu wanaojaza mafuta kwa hela zao, au wanaota siku watakayojaza. Wanaotupangia kodi ya mafuta hayo hawabishani, kwa sababu wao hujaziwa.

Tupige hesabu, ndugu msomaji. Chukua teksi inayokwenda kilomita 30,000 kwa mwaka hapa Dar es Salaam, na petroli tuiweke sh. 3,000 kwa lita ili tusichoshane (Agosti 2022 ilipanda hadi sh. 3,410). Vitz ikienda kilomita 15 kwa lita itakunywa lita 2,000, yaani sh. milioni 6. IST ikienda kilomita 12 itakunywa lita 2,500, sh. milioni 7.5. Shangingi la cc 4,500, tulihurumie tulipe kilomita 6 kwa lita, litabugia lita 5,000. Hizo ni sh. milioni 15.

Kwa hiyo Vitz imeshinda? Haraka ya nini! Injini ile ina mapafu madogo. Pakia abiria wanne na mizigo yao, washa kiyoyozi, anza kupanda mlima, utaona unavyokanyaga mpaka mwisho. Injini inayolazimishwa mpaka ilie hainywi kama ulivyoambiwa na aliyekuuzia. Hapo IST inavuta kwa utulivu na haichoki mapema. Anayebeba mtu mmoja mmoja kati ya Kariakoo na Posta achukue ndogo. Anayekwenda Morogoro kila wiki na gari limejaa asidanganywe na udogo wa cc. Na ukikwama Ubungo kwenye foleni, kilomita kwa lita ni sifuri kwa kila mtu, ila silinda nane zinazounguruma bure zinakunywa kuliko nne.

Halafu kuna mafuta yanayopotelea gereji. Jirani yangu mwenye teksi alikuja analalamika gari lake limeanza kunywa ghafla. Kumbe fundi alimng'olea thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto wake. Eti Dar kuna joto, haina kazi! Ikishang'olewa, injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni alfajiri na inazidi kumimina petroli. Kidude chenyewe ni cha bei ndogo. Jirani alikuwa amekwisha nunua plagi mpya seti nzima.

Na wale walionunua magari ya D4 kwa sababu yanabana mafuta? Ni kweli yanabana. Lakini petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake haitaki uchafu wala petroli iliyochakachuliwa. Pampu ikifa, akiba yote uliyobana inaondoka siku moja. Usiulize gari linakunywa lita ngapi tu. Uliza na kifaa chake kikiharibika kinapatikana wapi, na kwa shilingi ngapi.

Sasa nije kwa wakubwa. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyokuwa ikipangwa kwa ukubwa wa injini, ikaongeza sh. 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wenye magari walipiga makofi. Wazo la kumtoza zaidi anayechoma lita nyingi si baya. Lakini mama wa kijijini mwenye kibatari akajikuta analipia leseni ya gari ambalo hana! Tukaelezwa kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi yatachanganywa kwenye dizeli. Sawa. Dawa ya wachakachuaji ndiyo ikamezwa na mwenye kibatari.

Kodi ya kila lita inamfundisha dereva wa teksi kubana. Kigogo inamfundisha nini? Lita zake zinalipwa na Hazina, kodi ya lita hizo inarudi Hazina, na yeye hatoi hata senti. Linalomuumiza jirani yangu, yeye halimgusi.

Sisemi shangingi ni gari bovu. Mganga mkuu wa wilaya anayevuka mito wakati wa masika apewe hata mawili. Lile gari lilitengenezwa kwa ajili ya tope na mawe. Ninachouliza ni tope gani lipo kati ya Masaki na Posta. Tena Serikali imehamia Dodoma, na vikao vya Dar haviishi. Ni kilomita 450 hivi, na kwa hesabu yetu ileile ni lita 75, sh. 225,000 kwenda tu. Treni ya umeme inakwenda huko tangu 2024.

Gesi ya Songosongo nayo imefika Dar tangu 2004. Madereva wamefunga mitungi kwa fedha zao, wamepoteza nafasi ya buti na nguvu kidogo ya injini, wakakubali. Wakakesha kwenye foleni za vituo vichache. Mimi sijaliona shangingi kwenye foleni ile.

Kiongozi anayefanya kazi mjini apewe gari lisilozidi cc 2,000, na makubwa yabaki kwa safari za vijijini. Kisha mbunge yeyote mwenye ujasiri, bajeti ikisomwa Juni, asiulize fungu la mafuta kwa jumla, maana humo ndimo wanamojificha. Aulize gari kwa gari: namba hii, lita ngapi, kilomita ngapi, ilikwenda wapi. Madereva wa Serikali hujaza kitabu cha safari, kwa hiyo majibu yapo. Wakiyatoa, nitaomba yachapwe hapa yote, hata kama ukurasa wa michezo utalazimika kupisha.