Masua za Vita za Tanganyika: Nani Aliyezibeba?

Ndugu wasomaji wa Uvira, Kalundu, Makobola, Baraka na Fizi, na ninyi ndugu mnaochimba dhahabu Kamituga na shaba Katanga,

Kila wanapotaka kusimulia vita vya ziwa letu, wanaanza na Mzungu mmoja aliyevaa sketi. Huyo ni Komanda Geoffrey Spicer-Simson wa Uingereza, aliyefika hapa mwaka 1915 na mashua mbili za injini, Mimi na Toutou. Watu wa Ulaya walimcheka sana. Mwaka 1935 mwandishi wao C. S. Forester akaandika riwaya juu ya vita vya ziwa la namna hii, na mwaka 1951 ikatoka filamu yake, The African Queen. Vitabu vingine vinaongeza kuwa Waholoholo wa Lukuga walimfanya Komanda huyo mungu wao, wakamtengenezea na sanamu. Nani aliyewauliza Waholoholo? Shahidi ni Mzungu, mwandishi ni Mzungu, na mungu naye ni Mzungu!

Sisi hatukatazi watu kucheka. Tunachokataa ni kwamba katika hadithi yote hiyo mtu mweusi haonekani ila akibeba maji au akipiga magoti. Kwa hiyo leo tutazitazama masua hizo upya.

Tuanze na majina yake, maana jina la chombo ni ushahidi. Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann. Hedwig ni mke wa yule Wissmann aliyewapiga watu wa pwani hadi Abushiri akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Masua yao kubwa waliiita Graf von Goetzen, jina la gavana aliyetawala wakati vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, vita ambavyo watu walikufa kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto. Wabelgiji nao walikuwa na Alexandre Delcommune. Huyu ndiye aliyefika Bunkeya mwaka 1891 kumtaka Msiri aipokee bendera ya Leopold. Msiri akakataa, na kabla mwaka haujaisha msafara mwingine uliotumwa kwa faida ya Leopold yuleyule ukampiga risasi akafa. Halafu kulikuwa na Baron Dhanis, jina la yule aliyeongoza vita vya Nyangwe na Kasongo, 1892 hadi 1894. Basi zilipopigana masua hizo, walikuwa wanapigana waliotushinda sisi, kila mmoja akitaka kumnyang'anya mwenzake mali aliyoiba.

Na pigo la kwanza lilimpata nani? Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walishuka Mokolubu, kusini ya Uvira. Hawakukuta manowari. Walikuta mitumbwi ya watu, wakaiharibu, wakakata na waya wa simu. Siku saba baadaye, tarehe 22, Hedwig von Wissmann ikaipiga mizinga Delcommune huko Lukuga, mji ulioitwa baadaye Albertville na leo Kalemie. Wabelgiji walipoitengeneza tena masua yao waliibatiza Vengeur, yaani Mlipa Kisasi. Kisasi cha nani? Mvuvi wa Mokolubu aliyepoteza mtumbwi hakuombwa jina la kuipa masua.

Sasa tuje kwenye Mimi na Toutou, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mashua hizo zilishushwa Cape Town, zikapandishwa gari la moshi hadi Fungurume. Ninyi wa Katanga mnaijua reli hiyo: ilijengwa kwa ajili ya shaba. Kutoka Fungurume hapakuwa na reli tena. Kulikuwa na milima ya Mitumba, na njia ya zaidi ya kilomita 200 hadi Sankisia. Kila mashua ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilikokotwa na mashine mbili za mvuke, na mashine zilipokwama wakafungwa ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa wakafungwa kamba watu. Miti ilikatwa mbele yake, mawe yakapasuliwa, mito na mabonde yakawekewa madaraja ya magogo kwa makumi na makumi. Mashine ya mvuke inakunywa maji kuliko tembo, na kule juu maji hayakuwapo. Wakaitwa wanawake wa vijiji, wakayaleta kwa mitungi kichwani ili mashine ipate kupumua.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Chombo cha Mfalme wa Uingereza kilipanda milima ya Kongo kwa maji ya mitungi ya mama zetu! Kutoka Sankisia zikapanda gari la moshi tena hadi Bukama, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha reli hadi Lukuga, zikafika mwishoni mwa Oktoba 1915. Majina ya maofisa tunayo yote. Jina la hata mwanamke mmoja wa mitungi ile, vitabu vyao havina.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 waliikamata Kingani ya Wajerumani, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Komanda akapata nishani. Mwaka huohuo Wabelgiji wakaazima ndege za maji nne kwa Waingereza, zikaruka kutoka upande wetu wa ziwa na kuitupia Kigoma mabomu. Yaani watu wa ziwa hili walioneshwa bomu la ndege.

Goetzen nayo ilikuwa imetengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Kijerumani waliiunganisha pamoja na mafundi Wahindi na vibarua Waafrika, ikaelea Februari 1915. Ilikuwa na mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg iliyouawa Rufiji. Baadaye mizinga ikapelekwa nchi kavu, ikawekwa ya mti kudanganya macho. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, injini zikiwa zimepakwa mafuta mazito.

Lakini vita vya kwetu havikushindwa wala kushinda majini. Vilitembea kwa miguu. Kutoka upande huu wa Uvira na Rusizi Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916, na Septemba wakaingia Tabora. Nyuma ya kila askari wa Force Publique alikuwa mpagazi na mzigo wa kilo 25 au 30. Wanahistoria wanataja wapagazi 260,000 hivi waliotumikishwa na Kongo ya Wabelgiji katika vita vile. Walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa. Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi. Dar es Salaam na Nairobi angalau mitaa imeitwa Kariakoo, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Uvira tuna nini?

Msiniambie hayo ni ya zamani. Goetzen ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, masua hiyohiyo ilikodiwa na Umoja wa Mataifa, ikafanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha wakimbizi zaidi ya 75,000. Wengi mnaosoma hapa mlishuka nayo, mtoto mgongoni. Chombo kilichojengwa kutunyang'anya nchi ndicho kilichoturudisha nyumbani, kikiwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Wengine wanaona hilo ni jambo zuri la kusimulia. Mimi naona ni aibu ya serikali zetu zote zilizofuata, kwamba katika miaka hiyo yote hazikutuwekea chombo kingine cha kuaminika. Desemba 2014 masua Mutambala ilizama katika ziwa hili na watu zaidi ya 100 wakafa. Kwa kwenda vitani palipatikana madaraja juu ya Mitumba. Kwa msafiri wa Baraka na gunia lake la dagaa hapapatikani hata koti la kuogelea.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili. La kwanza, hakuna chombo kiondoke Kalundu bila abiria kuhesabiwa na kuandikwa majina, ili tusihesabiwe tena kama mizigo. La pili liko mikononi mwetu. Yeyote ambaye babu yake alibeba mzigo wa vita vile, au bibi yake alipeleka maji kwenye mashine za Fungurume, na alete jina, kijiji, na njia aliyopita. Wazee waliosikia habari hizo kwa wazazi wao wanapungua kila mwaka. Andikeni hata kwa kalamu ya risasi. Tutayapiga chapa yote, moja moja, kwa herufi ileile wanayopigiwa makomanda.